Nyanya Alipohamia Kibanda cha Makumbi

Wenzangu wakinusa ng'onda wa papa akichemka, mate huwatoka. Mimi hukasirika. Juzi nilikuwa nikipita sokoni Ukunda, nikafika pale mwanamke mmoja alipopanga papa wakavu juu ya gunia, harufu ikanipiga, na kabla sijajua nimekasirikia nini nilikuwa nimekwisha kunja uso. Mwenye biashara akaniuliza kama samaki wake wana kasoro. Nikamwambia hawana, kasoro ninayo mimi. Nikanunua kipande ambacho sikukihitaji, na njia nzima nikawa nagombana kimoyomoyo na watu waliokwisha kufa.

Nyinyi wa rika langu mliolelewa na nyanya zenu mtanielewa. Baba na mama walikuwa wakifanya kazi Mombasa, nami nikaachwa Mwabungo kwa Nyanya, mama yake baba, pamoja na shangazi yangu Mejumaa ambaye hakuwa ameolewa bado. Watu tulikuwa watatu tu, lakini nyumba haikuwahi kuwa na nafasi, kwa sababu ya paka. Walilala juu ya magunia, chini ya vitanda, ndani ya kinu. Hakuna aliyewahi kuwahesabu, maana waliingia na kutoka watakavyo, na Nyanya hakumfukuza hata mmoja. Ukimlalamikia alikuwa na jibu lake lile lile: paka wa nyumba haingwa. Ukimwambia huyu si wa nyumba hii, ameingia leo asubuhi, husema basi sasa ni wa nyumba.

Sheria yake ilikuwa moja, nayo ni sinia. Sisi watu tulikula sinia moja, na paka walikuwa na sinia lao moja, la bati jeupe lililobanduka rangi, maua yake ya katikati yamefutika kwa ndimi. Baada ya swala ya alasiri Nyanya alichanganya ukoko wa wali na mchuzi wa vichwa vya samaki, akagonga ukingo wa sinia kwa mwiko, nao wakaja kutoka kila upande wakazunguka, mkubwa na mdogo, mzuri na mwenye jicho moja. Hakuna aliyepewa chake pembeni. Nyanya alisema anayekula peke yake hula na shetani, na hilo kwake halikuwa fumbo, lilikuwa habari. Sisi wenyewe tulipokula, mkono wake ulichambua miba ya samaki bila yeye kuutazama, huku anazungumza na Shangazi mambo mengine kabisa, kisha vidole vyake vikasukuma kipande kinono hadi upande wangu wa sinia. Nilikua nikidhani samaki hujisogeza wenyewe.

Kati ya paka wote wale mmoja alikuwa wangu, naye ni Kashata, mweupe mwenye madoa ya kahawia, mdogo wa umbo na mwenye kisirani kama mimi. Alikuwa amezaa, na watoto wake nilikuwa nimewawekea pakacha miguuni mwa kitanda changu, ndani nimetandika kipande cha leso kuukuu. Walikuwa hawajafumbua macho. Tangu azae nilimpelekea Kashata chakula chumbani, ndani ya kifuu cha nazi, kinyume cha sheria ya nyumba. Nyanya alinung'unika kuwa namfundisha paka uchoyo. Nilimwacha anung'unike.

Kisha Shangazi akaleta mgeni. Alikuwa akisafisha nyumba moja kule Galu iliyokodishwa kwa watalii, na wale wa mwisho walikuwa wamelisha paka mmoja kwa muda wote waliokaa, wakaondoka wakamwacha mlangoni. Shangazi akamtia kwenye boksi akaja naye. Alikuwa mweupe, manyoya marefu, na uso wa mtu anayechukizwa na kila kitu. Mimi nilimwona tangu mwanzo kwamba pua yake inachuruzika, nikasema. Nyanya akasema mgeni ni mgeni, akiwa na kamasi au asiwe nayo, na mgeni halishwi pembeni. Akagonga sinia, akamsukuma Shume kando, akamweka yule paka katikati.

Shume alikuwa paka mzee wa Nyanya, dume kubwa lenye sikio lililochanika, na alikuwa na desturi ya kulala ukingoni mwa msala wakati Nyanya anasali. Kumsukuma Shume ilikuwa heshima kubwa kwa mgeni. Mgeni akanusa chakula, akainua kichwa, akapiga chafya moja ndefu juu ya sinia zima. Nyanya akasema "Alhamdulillahi" kwa niaba yake. Tulicheka sote, hata mimi. Tukampa jina hilo hilo, Mgeni.

Baada ya siku chache nyumba nzima ikawa inapiga chafya. Ulikuwa unasikia chafya ndani ya kinu, chafya juu ya dari, chafya nyuma ya mtungi. Shume akaacha kula. Macho yake yakashikana kwa tongotongo hata akawa anajigonga kwenye miguu ya meza. Nyanya alichemsha majani ya mkaratusi, akamfunika Shume kwa leso akamfukiza kama anavyofukizwa mtoto mwenye kifua, naye akatoka humo analia, amelowa, na bado hali. Waliobaki wakafuata mmoja mmoja. Aliyesalimika alikuwa Kashata peke yake na watoto wake, kwa sababu ya kile kifuu changu cha uchoyo. Nataka hilo likumbukwe, maana hakuna aliyenishukuru.

Daktari wa mifugo alikuwa amekuja kwa jirani kutazama mbuzi, Shangazi akamwomba apitie kwetu. Alikuwa kijana wa bara, mwenye haraka, na alimwita Nyanya "shosho", kama bibi wanavyoitwa kwao, jambo ambalo Nyanya alilimeza kwa shida. Alimfungua Shume mdomo, akatazama vidonda vya ulimi, akasema ni mafua ya paka na yanaambukiza vibaya sana. Dawa ya kuyaua hana, ila ana ya macho na ya kuzuia yasiharibike zaidi. Yanapita kwa chafya, kwa chombo cha kulia, kwa mikono na nguo za mtu. Wakubwa wengi watapona wakila, lakini hawali kwa sababu hawanusi, kwa hiyo wapewe kitu chenye harufu kali kweli kweli. Nyanya akasema, "Ng'onda." Daktari akacheka akasema hapo hapo.

Kisha akaliona lile pakacha mlangoni mwa chumba changu, na hakucheka tena. Alisema hao wadogo yakiwaingia sasa, watapofuka kabla ya kuona, au watakufa. Wagonjwa watengwe mbali na nyumba, na anayewahudumia asiguse wazima wala mtu anayewashika wazima. Akaelekeza kidole kwenye sinia, akasema hapo ndipo yalipoanzia. Akapanda pikipiki yake akaenda.

Pikipiki haijapotea masikioni nikamgeukia Nyanya. "Ni sinia lako," nilimwambia. "Nilisema mgeni ana kamasi, hukusikia. Shume akifa, wewe ndiye uliyemuua." Shangazi aliinua mkono anizabe kofi, Nyanya akaushika. Alikunja mkeka wake, akachukua msala, birika, sahani moja ya bati na leso mbili, akampakata Shume, akavuka ua kwenda kwenye kibanda cha makumbi, kile tulichohifadhia maganda ya nazi ya kuwashia moto. Akarudi hadi kizingitini mara kadhaa, Shangazi akawa anampokeza wagonjwa mmoja baada ya mwingine. Tangu hapo hakutia mguu ndani ya nyumba.

Mimi sikuwa na shaka yoyote: Nyanya amesusa. Nyinyi mnajua kwetu mtu mzima akiudhika hapigi kelele. Hususa. Hukataa chakula chako, huhamisha mkeka wake, hukaa peke yake mahali ambapo kila apitaye atamwona, mpaka watu waje wampembeleze. Nilikuwa nimemsikia daktari kwa masikio yangu mawili, lakini neno nililolisema mimi lilikuwa bado moto mdomoni, na Nyanya alikuwa ameondoka baada ya neno hilo, si baada ya maneno ya daktari. Wale paka niliona amewachukua ili apate wa kususa naye.

Nilipewa kazi ya mlango. Shangazi aliweka beseni la maji ya klorini pale kizingitini, kila aingiaye anawe, kisha akaenda zake kazini, akaniacha na dunia. Nadhani hakuna adhabu kubwa kama kulinda mlango katika nyumba ambayo haijawahi kufungwa mlango. Kashata, ambaye nilikuwa nikimwokoa, alikesha akiukwaruza mlango atoke. Kuku waliingia kwa uwazi wa chini ya mlango. Watoto wenzangu walikuja kutazama vipaka, nikiwazuia mlangoni wanachungulia dirishani. Mgeni alikuwa wa kwanza kupona, akatoroka kibandani, akapanda kwenye ukingo wa dirisha la chumba changu kwa nje na kukaa hapo manyoya yake yanang'aa, ananitazama kama mwenye nyumba anayengoja mpangaji afungue. Nilimfukuza mara ngapi sijui. Paka wa nyumba haingwa, lakini yule nilimwinga.

Na chakula. Shangazi alipika alfajiri, akampelekea Nyanya sahani yake hadi mlangoni mwa kibanda na kuiweka chini, akaniachia mimi yangu. Mara ya kwanza nilifurahi kuwa na sahani yangu mwenyewe. Nilipoimaliza miba miwili ilikuwa imenichoma, nikagundua kuwa sijui kuchambua samaki.

Wa kwanza kumwona Nyanya akila peke yake mlangoni mwa kibanda alikuwa Bi Zuhura, jirani yetu wa nyuma, na akiona Bi Zuhura imeona Mwabungo nzima. Shangazi alimweleza kuwa ni maradhi ya paka, yanaambukiza, daktari amesema. Bi Zuhura alisikiliza mpaka mwisho, akamshika Shangazi bega, akamwambia anaelewa, kila nyumba ina lake. Kwa hesabu yake mtu mzima wa makamo yale hawezi kuhama nyumba yake, kulala na makumbi na kula peke yake kwa ajili ya paka. Ni lazima ametukanwa. Na watu wenye heshima zao wakitaka kuficha aibu, si watasema hivyo hivyo, kwamba ni paka? Kadiri Shangazi alivyoeleza ndivyo jambo lilivyozidi kuwa kweli. Ilikuwa kutwanga maji kwenye kinu.

Basi wakaanza kuja wasuluhishi. Na walikuja kwa utaratibu, maana usuluhishi una adabu zake. Kwanza walikwenda kibandani, wakamwamkia Nyanya, wakamshika mikono yote miwili, wakaketi kwenye makumbi. Paka mgonjwa akipita wakampapasa, kwa kumpendeza mwenyewe. Nyanya aliwaambia wasiguse. Wakaona hata hilo ni machungu yanayomsemesha. Kisha wakavuka ua, wakaja kwangu na mikono ile ile, kuninasihi. Na kwa kuwa nilikuwa mtoto, walitaka kuanza na jambo la kunifurahisha, kwa hiyo walisema, "Hebu tuwaone hao vipaka wako."

Nilisimama mlangoni na beseni. "Naweni kwanza," niliwaambia.

Hebu fikirieni. Mtoto mdogo wa kike, amesimama kizingitini, anamwambia mtu aliyesuhubiana na nyanya yake kwamba mikono yake ni michafu. Walinitazama, wakatazamana, wakapata ushahidi wote waliokuwa wakiutafuta. Kumbe ndiyo sababu. Ikiwa wageni anawaambia hivi, bibi yake amemwambia nini? Waliondoka bila kunawa na bila kuingia, na hiyo ndiyo njia niliyowaokolea wale vipaka, kwa kuwa mtoto asiye na adabu. Hadi leo kuna watu Mwabungo wananijua hivyo.

Habari zikafika Munje, kwa ndugu yake Nyanya wa kiume, mdogo wake, tuliyemwita Babu Salimu. Alikuja siku ya Ijumaa baada ya swala, na mzigo wa mihogo na uamuzi wake ameshaukata njiani. Hakutaka kusikia ya paka. Alisema jambo la ndugu kugombana haliwezi kulala siku nyingine, mtoto atabusu mkono wa bibi yake, ataomba radhi, wataketi sinia moja mbele ya watu, wale, yaishe. Bi Zuhura alikuwa amepika wali wa nazi kabisa. Sinia likawekwa juu ya mkeka katikati ya ua, na majirani wakakaa kwa pembeni.

Nitasema ukweli, nilikuwa nataka. Nilikuwa nimechoka na mlango, nimechoka na sahani, nimechoka kumwona Nyanya ng'ambo ya ua kama mtu wa nyumba nyingine. Nilifundishwa maneno ya kusema na nikayashika yote. Nyanya aliitwa, akatoka akasimama mlangoni mwa kibanda, nguo zake zinanuka ng'onda kutoka mbali. Nilivuka ua, watu wote wananitazama, nikainama, nikasema, "Shikamoo Nyanya. Nisamehe," nikanyoosha mikono yangu kuupokea mkono wake niubusu.

Nyanya akaurudisha mkono nyuma, akauficha ndani ya leso.

Nilibaki nimeinama na mikono yangu mitupu. Babu Salimu alisema kwa upole kwamba mtoto ameomba radhi, dada, na hakuna aliye juu ya kusamehe. Nyanya akamwambia, "Salimu, mkono huu umetoka machoni mwa Shume sasa hivi. Akiubusu ataingia nao ndani kwa vile vitoto, na bado havijafumbua macho. Nani aliyewaambia nimesusa?"

"Basi unataka tuamini unakula peke yako kwa ajili ya paka?"

"Ninakula peke yangu kwa ajili ya huyu," akanielekeza kwa kidevu. "Mara ya kwanza niliwatia maradhi bila kujua. Nikiwatia na hao wake waliobaki, nitakuwa ninajua."

Sasa, nikiyaandika maneno haya, siyaoni yakihitaji kufafanuliwa. Lakini mtoto husikia kwa macho. Nilichokiona mimi ni mkono uliorudishwa nyuma mbele ya watu wote. Nilikimbilia ndani, nikafunga mlango, na nikiwa ndani nilimsikia Babu Salimu akisema dada yake amekuwa na moyo mgumu uzeeni, na Bi Zuhura akisema wali utapoa. Waliula wao. Nyanya aliletewa wake kwa sahani na hakuugusa hadi Shangazi aliporudi kutoka kazini.

Shume hakupona. Macho yalifunguka kwa ile dawa, na chafya zikapungua, lakini hamu ya kula haikurudi, hata Nyanya alipokuwa akimtafunia ng'onda na kumtilia mdomoni kwa kidole. Asubuhi moja nilimwona kutoka dirishani anachimba kwa jembe dogo nyuma ya mndimu, na kando yake kuna kitu kimefungwa kwa leso yake nzuri, ile ya kwendea harusini. Aliniona. Akaniinulia kiganja nisitoke. Nikadhani hata maziko ya Shume ananinyima.

Siku hizo hizo watoto wa Kashata wakafumbua macho. Nilifungua dirisha nikapiga ukelele kuvuka ua, bila salamu, kwa sababu nilikuwa sijamwamkia tangu siku ile na sikutaka kuanza. Nyanya akaja katikati ya ua akasimama.

"Yana tongotongo?" aliuliza.

"Hayana."

"Tazama vizuri. Wote?"

Nikawatazama mmoja mmoja mwangani. Yalikuwa ya buluu, maangavu, yanashangaa. Nikamwambia wote. Nyanya akasema Alhamdulillahi, akageuka, akaketi juu ya makumbi kunipa mgongo, akajifuta uso kwa ncha ya leso. Nilidhani anafuta jasho.

Daktari alirudi baada ya muda mrefu bila chafya, akasema sasa inatosha. Nyanya alichoma mkeka na zile leso mbili, akaoga, akafua, akasafisha kibanda chote. Lile sinia la paka alilisugua kwa majivu na klorini, akalianika juani, kisha hakulitumia tena. Alikata vifuu, kila paka chake. Hilo hakumwambia mtu kwa nini. Vifuu vilipangwa mstari baada ya alasiri, na Mgeni, aliyetuletea yote yale, alikuwa na kifuu kikubwa kuliko vyote.

Mchana wa siku aliyorudi ndani alipika mwenyewe. Wali, na ng'onda wa papa wa kutia nazi, kipande kilichobaki cha wagonjwa. Shangazi alikuwa kazini. Nyanya alitandika mkeka barazani, akaweka sinia letu, akaniita jina langu mara moja.

Sikwenda. Nilimjibu nikiwa chumbani kwamba nimeshiba. Uongo mtupu, tumbo lilikuwa linanguruma. Lakini nilikuwa na mkono wangu mtupu wa siku ile, nilikuwa nimeutunza. Mlezi wangu ndiye aliyenifundisha namna ya kususa, au hivyo nilivyoamini, na sasa zamu ilikuwa yangu.

Hakuniita mara ya pili. Nilingoja aniite, nipate kukataa vizuri zaidi, hakuita. Harufu ya papa iliingia chini ya mlango ikajaa chumba kizima. Nilimsikia Bi Zuhura akipita njiani na kusalimu, Nyanya akamkaribisha, na Bi Zuhura akauliza mbona chakula kinatazamwa tu. Nyanya akasema, "Namngojea mwenzangu." Bi Zuhura akaenda. Jua likatoka barazani. Nikachungulia kwenye ufa wa mlango.

Alikuwa ameketi vile vile, mguu mmoja ameukunja. Mkono wa kulia alikuwa ameshaunawa kwa ajili ya kula, ameuweka juu ya goti, kiganja juu, usiguse kitu. Ulikuwa umekauka zamani. Wali ulikuwa umepoa na mchuzi wa nazi umeganda ukingoni. Hakuwa amekula hata tonge. Nilimkasirikia sana kwa hilo, kwa kuninyang'anya hata kususa kwangu, maana mtu huwezi kumsusia mtu ambaye naye hali.

Nikatoka. Nikaketi upande wa mbali kabisa wa sinia, sikumtazama, sikumwamkia. Akamimina maji nikanawa. Akasema Bismillahi. Kisha akaanza kuzungumza kuhusu makumbi, kwamba yameingia unyevu na hayatawaka, na huku anasema, mkono wake ukawa unamchambua papa bila yeye kuutazama, na vidole vyake, vilivyopauka kwa klorini, vikasukuma kipande polepole kupita wali hadi upande wangu. Nilikila. Kilikuwa na chumvi nyingi na nilikuwa nalia kwa hasira, kwa hiyo hadi leo sijui ladha ya kile kipande ilikuwaje hasa.

Nyumbani kwangu siku hizi kila mtu ana sahani yake na kila mtu ana lake la kutazama wakati wa kula. Kile kipande cha Ukunda nilikipika jioni ile ile. Nikatoa sinia lililokuwa limekaa kabatini tangu harusi yangu, nikaita watu, wakaja wanashangaa. Mume wangu alikula kwa adabu. Binti yangu aliziba pua. Nilikuwa nikisema jambo fulani la shule yake, sikumbuki lipi, nikaona vidole vyangu vimekwisha chambua kipande kinono na kukisogeza upande wake.

Akakirudisha kwa ncha ya kijiko. "Mama, kinanuka."

Nikakasirika. Nikakisogeza tena.